Maharage ya karatasi

Mama Tumpe (Sae): Shikamooni wakubwa. Jamani, saa sita na nusu hii, watoto wanarudi saa saba, na maharage niliyobandika saa tatu bado changarawe. Jana nilisahau kuyaloweka. Na gesi yenyewe inapumua pumzi za mwisho.

Mjomba Kyela: Marahaba. Ndiyo Mbeya hiyo, mwanangu. Huku ziwani maharage hayohayo yanaiva kwa saa moja na nusu tu.

Kaka Dodoma: Kosa si la maharage, ni mlima. Mko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Ongeza moto mpaka mtungi uishe, joto la sufuriani ni lilelile.

Mama Tumpe (Sae): Kaka, sijaomba fizikia, naomba chakula 😂 Zile paketi za Kihindi ulizoniachia Pasaka bado ziko kabatini. Dal Makhani, Rajma Masala na Palak Paneer. Zinapikwaje?

Kaka Dodoma: Hazipikwi, zimeshaiva. Unapasha tu. Tarehe ya mwisho angalia nyuma.

Mama Tumpe (Sae): Bado miezi minne. Ngoja nitie moja kwenye maikrowevu.

Dada Iringa: USITIE NA PAKETI YAKE

Dada Iringa: Ndani ina utando wa alumini. Mimi mwaka jana niliitia hivyohivyo, cheche zikatoka utadhani kuna fundi wa kuchomelea mageti humo. Shemeji yenu alikimbilia kuzima umeme wa nyumba nzima. Chana, mimina kwenye bakuli, ndipo utie.

Kaka Dodoma: Au itumbukize ikiwa imefungwa kwenye maji yanayochemka, dakika tano. Ila watoto ni wangapi?

Mama Tumpe (Sae): Watatu, na mimi, na binti wa kazi.

Kaka Dodoma: Basi usichemshe na paketi. Ile ni gramu 300, watu wawili wa wali. Kaanga kitunguu na nyanya mbili, mimina Rajma, ongeza nusu kikombe cha maji, tia viazi vilivyochemshwa. Rajma ni maharage mekundu, hawatashtuka.

Shangazi Uyole: Hiyo Palak Paneer ina nyama? Mimi nasikia ina vipande vyeupe.

Kaka Dodoma: Ni jibini, shangazi, ndani ya spinachi iliyosagwa. Kwenye paketi za India ukiona kidoti cha kijani ndani ya mraba wa kijani, hakuna nyama wala samaki.

Bibi Tukuyu: 🎤 0:41

Shangazi Uyole: Niko kwenye daladala sisikii. Wifi kasema nini?

Dada Iringa: Mama anasema chakula gani kinakaa mwaka mzima bila friji na hakiozi, lazima kimetiwa dawa ya maiti. Na kwamba yeye ametulea sote saba kwa maharage ya chungu, si ya karatasi 🤣

Kaka Dodoma: Shikamoo mama. Si lazima kuwe na dawa. Wanafunga chakula kwanza, kisha paketi nzima inaingia kwenye mtambo wa mvuke wenye shinikizo, nyuzi kama 121. Vijidudu vinakufa, na vingine haviwezi kuingia. Ni kama samaki wa kopo, ila hapa kopo ni laini. Kule India maabara ya chakula ya jeshi iliyoko Mysore iliishughulikia sana hiyo kazi, askari wa milimani wapate chakula bila kubeba kuni.

Mjomba Kyela: Kumbe ni presha kuka ya kiwanda. Mnunulieni huyu dada yenu presha kuka yake mambo yaishe.

Mama Tumpe (Sae): Mjomba umesema jambo la maana kuliko wote humu 🙏🏾

Shangazi Uyole: Bei je? Nisije nikazoea utamu nisiouweza.

Kaka Dodoma: Moja niliinunua Dar kwa hela ya kilo mbili za maharage.

Shangazi Uyole: Kilo mbili! Basi hiyo ni ya kuugua au ya kufiwa. Siku za kawaida acha niloweke yangu.

Kaka Dodoma: Kweli kabisa. Nilipokuwa nasoma Bengaluru, kulekule India, sikuzila kila siku, nilizitunza kwa usiku wa mitihani. Na zina chumvi. Wali upike bila chumvi, na mama mwenye presha asipewe bakuli zima.

Bibi Tukuyu: sijaomba bakuli

Mama Tumpe (Sae): [picha] Haya, saa saba na dakika tano. Rajma kwa viazi, wali wa Kyela, parachichi la bibi pembeni. Dal Makhani nimeifungua nayo, nimeionja kwa kijiko: choroko nyeusi, siagi na krimu, nzito kama uji wa mzazi. Tumpe anauliza nani kamwaga maziwa kwenye maharage. Mdogo wake kalamba sahani.

Dada Iringa: Na ile ya spinachi?

Mama Tumpe (Sae): Nimeificha. Hiyo yangu, na chapati, wakilala.

Bibi Tukuyu: 🎤 0:12

Dada Iringa: Mama anasema Jumapili ukija Tukuyu umletee kijiko kimoja tu cha hiyo nyeusi, aone uongo wake.

Mama Tumpe (Sae): 😂😂 Ndaga fijo, asante sana mama, nakuwekea kwenye friji ya juu.

Kaka Dodoma: Na yale ya sufuriani yaliishia wapi?

Mama Tumpe (Sae): Yameiva sasa hivi. Saa kumi na dakika ishirini.