Mrejesho: Siku tatu kambini Edale na watoto

Habari zenu ndugu zangu. Niliuliza hapa tufanye nini na watoto tukipiga kambi Edale, kijiji cha Peak District huko Uingereza, bila gari. Tumerudi salama.

Treni ya kutoka Manchester inasimama kijijini kabisa, mahema yakawa dakika chache kwa miguu. Aliyenishauri tupande kilima cha Mam Tor, Mungu akubariki. Ni mita 517 tu, na njia ya mgongoni imetandikwa mawe, hata mdogo wa miaka sita alifika bila kubebwa. Juu upepo unasukuma kweli, lakini unaliona bonde zima, kuta za mawe na kondoo kila upande. Tulishukia kijiji cha Castleton kupitia ile barabara ya zamani iliyoharibiwa na maporomoko ya ardhi hadi ikafungwa mwaka 1979. Lami imepasuka, vipande vimeinama huku na huku. Watoto waliganda pale, maswali hayaishi.

Kinder Scout nilipanda peke yangu asubuhi na mapema. Mwaka 1932 mamia ya watu, wengi vijana wafanyakazi, waliingia mlima huo bila ruhusa kudai haki ya kutembea, na watano wakafungwa jela. Nilikaa kwenye jiwe nikiwafikiria, nikachelewa chai.

Usiku wa pili mvua ilitunyeshea hadi alfajiri. Bebeni masweta hata kama ni Julai, na mageti ya malisho myafunge kila mnapopita.

Asanteni sana.