Tupeane uzoefu: nesi wa mlangoni alikupa rangi gani, na ilikuwa sahihi?

Mtoa mada
Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita nilimkimbiza mzee wangu hospitali (jina kapuni), idara ya dharura. Ana sukari, siku hiyo kifua kinambana. Tumefika na bajaji saa nne usiku. Nesi kampima presha na joto, kamvisha kile kidude cha kidoleni, kaandika, kampa njano, zile rangi za kupanga nani aonwe kwanza: kaeni pale, mtaitwa. Kuna kijana kaja nyuma yetu, kakatwa na chupa mkononi, anapiga kelele kama anachinjwa. Yeye kaingizwa moja kwa moja. Mzee kimya, jasho tu, shati limemgandia mgongoni.

Saa sita kasoro nikarudi dirishani. Nesi mwingine akaja, akamshika mzee mkono, akamtazama usoni, akaita machela kabla hajaandika chochote. Moyo. Kapona, yupo nyumbani anagombana na redio. Ila nimebaki na swali: ule upangaji wa mlangoni tuuamini kiasi gani? Mgonjwa au mhudumu, mwenye uzoefu atiririke.

Nesi wa Zamu
Pole kwa mzee, mkuu. Meza hiyo nimeikalia miaka sita. Tulikuwa tunatumia mfumo ulioanzia Cape Town. Nyekundu anaonwa papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani anaweza kusubiri hadi saa 4. Unajumlisha pointi: anatembea au anabebwa, pumzi, mapigo ya moyo, presha, joto, fahamu, kaumia au la.

Uchawi upo kwenye pumzi. Mashine haikuhesabii, unatakiwa uangalie kifua kinavyopanda na saa mkononi, dakika nzima. Sasa chukua kadi za usiku mmoja uone: 20, 20, 18, 20, 20. Hao hawakuhesabiwa, walikadiriwa. Chukulia mtu anatembea kwa kushikiliwa, pointi 1. Mapigo 104, pointi 1. Ukiandika pumzi 20 ni pointi 1, jumla 3, njano. Kumbe ukihesabu ni 32, hiyo ni pointi 3, jumla 5, chungwa. Umemhamisha mtu kutoka dakika 10 kwenda saa nzima kwa uvivu wa dakika moja.

Halafu kwa mzee wako kuna kosa la pili. Kifua kuuma ni chungwa hata pointi zikiwa sifuri, ipo kwenye orodha pembeni ya fomu. Aliyempokea alijumlisha, orodha hakuitazama. Simtetei, ila kuna usiku mko wawili, foleni imetoka nje ya mlango, na kile kidude cha kidoleni cha kupimia oksijeni ni kimoja kinatembea vyumba vyote. Na kazi yenyewe kwetu bado changa, idara kamili ya dharura kule Muhimbili ilifunguliwa 2010 tu.

Mama Pacha
Mie wa Mombasa. Mwanangu wa miezi tisa alikuwa akiharisha siku mbili, nimemfunga mgongoni kwa leso, nadhani amelala. Niko kwenye foleni ya kadi. Nesi akapita, akarudi, akafunua leso bila hata kuniuliza jina. Akamshika vidole, baridi kama samaki wa barafu. Akabonyeza ukucha, akaachilia, akawa anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne... rangi hairudi. Alinipokonya mtoto akakimbia naye! Kadi niliandikiwa kesho yake. Wallahi yule dada hakuwa na mashine yoyote.

Mbeba Boksi
Huku Marekani hakuna rangi, kuna namba, 1 hadi 5, na nesi anakisia pia utahitaji vipimo vingapi. Mimi nilipewa 3, ambayo naona ndiyo namba ya kila mtu. Aliniuliza maumivu ni ngapi kwa kumi, nikasema 4. Mwanaume wa Kikurya nitamwambia dada wa watu 9? Nimekaa saa saba. Ilipofika alfajiri maumivu yakapungua ghafla, nikafurahi, nikataka kuaga nirudi nyumbani. Kumbe kidole tumbo ndiyo kimepasuka. Kosa lile nusu ni langu.

Mzee wa Kijiweni
Rangi ya kweli ni bima. Mengine mnajifurahisha.

Nesi wa Zamu
Mzee wa Kijiweni, dirisha la malipo ni jingine, tusichanganye (ingawa nakuelewa). Mtoa mada, kitu kimoja: kijana wa chupa damu ilikuwa inachuruzika au inaruka? Anayepiga kelele najua hewa inapita, kelele hazinitishi. Lakini damu isiyozuilika ni chungwa, alistahili kupita. Kosa halikuwa kumwingiza yeye. Kosa ni kwamba karibu saa mbili hakuna aliyekuja kumpima mzee upya.

Mtoa mada
Ilikuwa inaruka, taulo zima lililowa. Nimemsomea mzee uzi huu wote. Kanisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza: "Kwa hiyo yule kijana mkono wake ulipona?"