Trekta: YTO mpya ya hosi pawa 70 au Massey iliyotumika? Naomba ushauri kabla sijalipa

Mama Alizeti, Matui (Kiteto)

Wakuu habari za kazi. Wakubwa, shikamooni.

Nalima mahindi na alizeti huku Matui, ekari 60 za familia, na trekta nakodi kila msimu. Mwenye trekta analima kwake kwanza, halafu kwa shemeji zake, halafu kwa waliolipa tangu Agosti. Mimi ananifikia wenzangu wameshapanda. Mahindi ya kuchelewa huku mnajua yanavyokuwa, mvua ikikata Machi unabaki na mabua. Nimeamua kununua yangu, nimalize kwangu mapema kisha nilimie watu.

Kuna YTO X704 mpya, trekta ya China, foo wili (inavuta kwa magurudumu yote manne), muuzaji wa Dar ananitajia milioni 46 pamoja na plau ya diski tatu. Massey 375 mpya niliyoulizia imezidi 65 bila plau, hiyo siifikii. Ya tatu ni Massey 290 iliyotumika, imetoka Uingereza, iko Morogoro, wanataka 38.

Hapa kijijini sijaona mtu mwenye YTO. Mdogo wangu ndiye atakayeendesha, naye amelelewa kwenye Massey, anasema hiyo nyingine ikilala shambani hakuna wa kuiamsha. Muuzaji anasema vipuri vipo tele. Kwenye mbuga nyeusi ya huku, ule udongo mzito wa mfinyanzi, itavuta? Na kuna mwenye nayo Dodoma au Manyara aniambie ukweli?

Kibaigwa Sokoni

Dada, achana na mchina. Hapa Kibaigwa ukikosa spea ya Massey saa tatu usiku unamgongea mtu mlango, anaamka anakufungulia duka. Hiyo nyingine utasubiri basi la Dar, na basi lenyewe litaleta kitu ambacho hakiingii. Chukua 290.

Fundi wa Area C, Dodoma

Dada, mimi ni fundi wa trekta. Kuanzia Novemba mpaka Januari nashinda Kongwa na Kiteto kwenye mashamba ya watu, kwa hiyo udongo wako naujua.

Kaka wa Kibaigwa amesema kweli kuhusu duka la usiku. Ukinunua Massey, sehemu ya pesa unalipia duka hilo. Lakini jina la China peke yake halitoshi kuikataa trekta. YTO si kiwanda cha uchochoroni. Kiko Luoyang, kilianzishwa 1955, na trekta yake ya kwanza, Dongfanghong, ilitoka 1958. Hata namba inasomeka: 70 ni hosi pawa, na 4 ya mwisho ni foo wili. Ingeishia na 0, ingekuwa inavuta kwa nyuma tu. Trekta nyingi za China zinasomeka hivyo, kwa hiyo akikuonyesha 504 akasema ni hosi pawa 70, ondoka hapo.

Swali langu liko mbali na kiwanda. Kati ya Luoyang na Matui, nani anashika vipuri? Tumeshaona pande zote mbili hapa nchini. Wakati wa Kilimo Kwanza, ule mpango wa serikali wa kuinua kilimo, SUMA JKT, shirika la uzalishaji la Jeshi la Kujenga Taifa, walileta trekta za Farmtrac na New Holland. Farmtrac watu wengi walikuwa hawaijui, lakini zilikuja nyingi kwa pamoja, mafundi tukazizoea na wenye maduka wakaona biashara. Halafu zikaja Ursus za Poland zilizounganishwa pale Kibaha chini ya NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa. Kampuni ya Poland ikatangazwa kufilisika 2021. Trekta inaweza kuwa na chuma kizuri, lakini aliyeitengeneza akifunga mlango, mwenye nayo anabaki kuhangaikia vipuri.

Sasa fanya hivi. Usimtumie muuzaji senti mpaka akupe kitabu cha vipuri chenye picha na namba, cha Kiingereza. Akikupa cha Kichina mwambie atafute kingine. Humo toa namba za filta zote, diski ya klachi, pampu ya maji, noozeli, stata, pampu ya haidroliki, na sili za ekseli ya mbele. Halafu usimuulize yeye peke yake. Piga simu maduka ya Dodoma na ya Dar ambayo hayamjui, taja namba, uliza bei na kama kiko rafuni leo. Akijibu "kipo" bila bei, hesabu hakipo.

Beringi zisikutishe. Beringi ina namba ubavuni, ukiisoma unaipata kwenye duka lolote la beringi hata kama trekta hawajawahi kuiona. Sili nyingi pia unapima tu kipenyo na unene. Injini za YTO za aina ya LR zinafungwa pia kwenye jenereta, kwa hiyo muulize na fundi wa jenereta, mara nyingi anajua spea zinakopatikana. Vinavyolaza trekta ni vile visivyo na mbadala: klachi, pampu ya haidroliki, na gia za ekseli ya mbele. Foo wili ni nzuri sana kwenye mbuga yenu ikishalowa, lakini ndiyo ekseli yenye vitu vingi vya kuharibika, na madereva wengi wanaiacha imeingia hata barabarani kwenye lami. Mdogo wako aelezwe hilo siku ya kwanza.

Hesabu ya trekta kulala, yaani kuharibika ikasimama, ni hii. Chukua kulimia watu ekari kumi kwa siku kwa 50,000 kila ekari, unapata laki tano. Toa dizeli, lita nane kwa ekari kwenye udongo mzito, tuseme kwa 3,000 kila lita, ni 240,000. Toa dereva, tuseme 5,000 kwa ekari. Inabaki laki mbili na kidogo, bila grisi na tairi. Ikilala wiki mbili kila msimu unapoteza karibu milioni tatu, na misimu mitano ni kumi na tano. Massey mpya imeizidi hiyo YTO kwa milioni 19 na zaidi, na plau bado hujanunua. Kwa hiyo kwa karatasi YTO bado haijashindwa. Ila karatasi haina wateja ndani yake. Mtu uliyemwahidi Jumanne akaona trekta imefunguliwa klachi shambani, anaenda kwa jirani, na mwakani anaanzia kwa jirani. Kazi ya kulimia watu inategemea Desemba moja fupi, ikikupita umeshakula hasara ambayo hiyo laki mbili haiionyeshi.

Kuhusu 290, injini yake ya Perkins ya silinda nne naiheshimu, hata fundi wa kijijini anaifungua. Lakini hiyo ya Morogoro ni mzee aliyepakwa rangi. Mita ya masaa usiiangalie kabisa. Angalia pedali zimelika kiasi gani, na matundu ya pini kwenye mikono ya kunyanyulia plau kama bado ni duara au yamekuwa mayai. Injini ikiwa imepata moto na inaunguruma, fungua mfuniko wa kutilia oili: ikipumua moshi kwa nguvu, ringi na silinda zimechoka. Nyanyua plau, zima injini, kaa nusu saa. Plau ikirudi chini yenyewe, haidroliki inavuja kwa ndani. Ukiona mawili kati ya hayo, tenga milioni kadhaa za matengenezo, na hapo 38 siyo 38 tena.

Na YTO nayo iletwe ifanye kazi, isizungushwe uani kwa muuzaji. Hosi pawa 70 kwenye trekta nyepesi haisaidii, magurudumu yanazunguka palepale na dizeli inakwisha. Uliza kama inakuja na vyuma vya uzito vya mbele, na tairi za nyuma zijazwe maji. CAMARTEC ya Arusha ndiyo kazi yao kupima zana za kilimo, muulize muuzaji kama aina hiyo imepita kwao na aonyeshe ripoti.

Kitale Mixed Farm

Mama, mimi niko Kitale, Kenya, na ninatumia trekta ya Kichina, si YTO lakini binamu yake tu. Fundi amesema mengi ya maana. Naongeza moja: usiinunue peke yako. Sisi tulikuwa majirani watatu, tukanunua za aina moja kwa muuzaji mmoja, na kabla ya kulipa tukamwambia atuwekee seti moja ya spea za kushiriki: klachi, pampu ya maji, fan belt, filta za msimu mzima. Anayetumia analipa ili nyingine iagizwe. Mambo ya kungoja kontena hatuyajui. Muuzaji naye akiona ni watatu, simu anashika hata Jumapili.

Na ile sevisi ya kwanza ya masaa 50 usiiruke. Oili ya kwanza inatoka na vumbi la chuma.

Mama Alizeti, Matui (Kiteto)

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimefanya kama Fundi alivyosema. Kitabu cha vipuri nimetumiwa kwenye simu, ni cha Kiingereza. Filta, noozeli na pampu ya maji nimezipata Dar kwenye maduka mawili tofauti na bei wamenitajia. Dodoma nimepata filta tu. Diski ya klachi hakuna aliyenayo. Muuzaji amekiri kwamba inaletwa kwa oda, na garantii inataka fundi wao aje, lakini nauli ya fundi kutoka Dar mpaka huku hakuna anayetaka kuisema ni ya nani.

Majirani wawili nimewaambia habari ya Kitale. Mmoja ana nia kweli, anasubiri auze mahindi.

Fundi, ungekuwa wewe ungefanyaje? Na haro, ya kuvunja mabonge baada ya plau, nichukue ya diski ngapi?

Fundi wa Area C, Dodoma

Ningemwambia muuzaji hivi: nalipa siku ambayo diski mbili za klachi, pampu moja ya haidroliki na sili za ekseli ya mbele zimo ndani ya boksi, zimepakiwa pamoja na trekta, na bei yake iko kwenye risiti. Nauli ya fundi wa garantii iandikwe kwenye mkataba kuwa ni ya kwao kwa mwaka wa kwanza. Akikubali, ningechukua YTO, kwa sababu inakufikisha Desemba ikiwa mpya na inavuta kwa magurudumu manne kwenye mbuga. Akikataa boksi hilo, basi anajua mwenyewe kwamba hawezi kulipata. Hapo nenda Morogoro na fundi unayemwamini, siyo na dereva peke yake, mkague 290 mkiwa na shilingi za matengenezo mkononi. Jirani akishauza mahindi, mwingie wote wawili kwa muuzaji siku moja.

Haro ya diski 20 inatosha kwenye vile vichanga vya upande wa juu. Kama ekari nyingi ziko mbugani chukua 16, diski kubwa, uzito wake unazamisha. Usikubali haro nyepesi inayorukaruka juu ya mabonge, utapita mara mbili na dizeli ni yako.

Majani ya msimu uliopita yachanganye kabla hujapanda, ukiweza Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu. Trekta ikichelewa kufika, hiyo ndiyo kazi ya kwanza utakayokosa.