Kwa nini Jengo la Shirikisho la Chicago lilibomolewa?

Mpenda Kuba: Wanajamvi, nimevutiwa na jengo lililokuwa na mahakama ya shirikisho na posta kuu ya Chicago, Marekani, kati ya barabara za Adams, Clark, Jackson na Dearborn. Lilisanifiwa na Henry Ives Cobb, likakamilika mwaka 1905, na kuba lake lilikuwa na kipenyo cha futi 100 kwa ndani, pana kidogo kuliko la Bunge mjini Washington. Iweje libomolewe baada ya miaka 60 tu?

Fundi Mchoro: Ndugu, jibu limo katika hilo hilo kuba. Cobb alipanga mabawa manne yaliyokutana kama msalaba juu ya sehemu pana ya chini iliyobeba shughuli za posta, na pale mabawa yalipokutana akaacha ukumbi mkubwa ulio wazi kwenda juu. Mgeni aliyeingia alistaajabu, lakini karani aliyetafuta mahali pa kuweka meza hakupata nafasi yoyote katika uwazi ule, na kadiri kesi na ofisi zilivyoongezeka ndivyo fahari hiyo ilivyogeuka kuwa mzigo. Hata hivyo, kubanana hakuhalalishi kubomoa. Posta peke yake ingeweza kuhamishwa.

Msomaji wa Kesi: Naafiki. Tena humo ndimo Jaji Kenesaw Mountain Landis alimoitoza kampuni ya mafuta ya Standard Oil faini ya zaidi ya dola milioni 29 mwaka 1907, ingawa mahakama ya rufaa iliitengua, na ndimo jambazi Al Capone alimopatikana na hatia ya kukwepa kodi mwaka 1931. Katika kesi hiyo Jaji James Wilkerson alibadilisha kundi zima la wazee wa baraza, kwa kuwa kulikuwa na habari kwamba lile la kwanza limehongwa.

Fundi Mchoro: Ubomoaji wenyewe ulipangwa hatua kwa hatua. Mahakama zilihamia kwanza kwenye jengo la ghorofa 30 la msanifu Ludwig Mies van der Rohe, ng'ambo ya barabara ya Dearborn, lililokamilika mwaka 1964, ndipo la Cobb likaanza kuangushwa mwaka uliofuata. Sheria ya taifa ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ilipitishwa mwaka 1966, ikiwa imechelewa. Kiwanja hicho, kwa kweli, kilikuwa kimezoea kubomolewa majengo: jengo la serikali lililotangulia, la mwaka 1880, lilititia vibaya likabomolewa mwaka 1896.