Mlango wa umeme wa Coaster tuliyoigeuza nyumba unagoma asubuhi: naomba ushauri kabla ya kununua mota

Msafiri wa Bwiru

Habari za wakati huu, wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha. Nina Toyota Coaster ya dizeli, ya volti 24, ambayo tumeiwekea vitanda, jiko la gesi, pampu ya maji na taa za ndani ili familia iweze kulala humo tunapokwenda Musoma au tunapoegesha ufukweni. Mlango wa abiria ni ule wa kujikunja, unaoendeshwa na mota iliyo juu yake nyuma ya kifuniko. Injini ikiwa imewashwa, mlango unafunguka na kufunga bila shida yoyote. Kazi inakuja asubuhi baada ya kulala ndani: ukibonyeza swichi unasikia rilei (swichi ya umeme inayoiwasha mota) ikigonga, mlango unasogea taratibu hadi katikati, halafu unasimama au unarudi ulikotoka.

Fundi mmoja hapa mjini alipima betri, akapata volti 24.7, akasema umeme unatosha na kwamba mota imechoka. Mota iliyotumika nimetajiwa shilingi 450,000, tena ni ya kuagiza Dar es Salaam. Swali langu ni hili: mota iliyochoka inaweza kweli kufanya kazi vizuri namna hiyo injini inapowaka? Mama watoto amesema hatalala tena humo mpaka mlango utengemae, nami naona ana haki.

Dada wa Pasiansi

Kaka, pole. Kabla ya kugusa umeme, fungua kifuniko uangalie reli ya juu. Sisi tunaoegesha karibu na maji tunawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi na kufuata taa usiku. Wakifia ndani ya reli yenye grisi, na vumbi likaongezeka juu yake, panatokea tope jeusi gumu ambalo kigurudumu hakiwezi kulipita. Kwenye basi langu dogo nililazimika kulikwangua kwa bisibisi bapa, kisha nikafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Tumia kile kishikio cha dharura kinachoiachia mota, halafu sukuma mlango kwa mkono. Ukiwa mzito, tatizo ni la reli au bawaba. Ukiwa mwepesi, rudi kwenye umeme.

Na hapo kwenye kishikio, naomba nisisitize jambo. Watu wanalala ndani ya gari lenye mtungi wa gesi. Kila mmoja, hata mtoto anayeweza kukifikia, akijue kilipo na awe amewahi kukivuta gizani.

Konda Mstaafu

Angalia pia swichi ndogo ya kikomo, ile inayoiambia mota kuwa mlango umefika mwisho. Ikilegea, mlango husimama njiani. Ila hiyo isingechagua asubuhi na mchana.

Fundi wa Nyakato

Ndugu Msafiri, maelezo yako yenyewe yanaitetea mota. Mota iliyokwisha brashi (vile vipande vya kaboni vinavyoipitishia umeme) kwa kawaida haijali kama injini inawaka. Hugoma muda wowote. Yako inaamka umeme unapopanda hadi volti 27 au 28 za alteneta (mashine ya injini inayochaji betri), kwa hiyo ninachokitilia shaka ni umeme unaoifikia pale injini inapokuwa imezimwa. Hiyo 24.7 ilipimwa gari likiwa limetulia, na kipimo cha namna hiyo hakisemi lolote kuhusu mzigo. Umeme ukianguka wakati mota inafanya kazi, mota inapungukiwa nguvu, na kisanduku kinachoongoza mlango, kama kina kinga ya kubana, kinadhani kuna mtu amebanwa, ndiyo maana unarudi.

Fanya hivi asubuhi, kabla ya kuwasha injini. Volti 24 zako ni betri mbili za 12 zilizoungwa kwa kufuatana, hivyo pima kila betri peke yake, kisha uzipime tena mwenzako akiwa amebonyeza swichi ya mlango. Halafu weka ncha moja ya multimita kwenye kichwa cha hasi cha betri iliyofungwa kwenye bodi (ile ambayo hasi yake imeungwa na bodi ya gari), na nyingine kwenye waya wa hasi wa mota, mlango ukiwa unasogea. Ukiona zaidi ya nusu volti, kuna kutu kwenye maungio ya bodi, na dawa yake ni msasa na nati kukazwa.

Nina swali pia, na nadhani ndipo ugonjwa ulipo. Pampu na taa zako ni za volti 12. Zinapata wapi umeme wake?

Msafiri wa Bwiru

Fundi, ahsante sana. Reli niliikuta na uchafu nikaisafisha. Kwa mkono mlango ni mwepesi. Vipimo ni hivi: betri iliyofungwa kwenye bodi ina 11.9, ya pili ina 12.8. Mlango ukisukumwa na mota, ya kwanza inashuka hadi 9.6, ya pili 12.4. Upande wa hasi ni 0.2 tu. Injini ikiwaka, ya kwanza inasoma 13.1 na ya pili 14.9. Umeme wa pampu na taa umechukuliwa kwenye waya unaounganisha betri mbili.

Fundi wa Nyakato

Basi mota yako iache ilipo. Aliyefunga taa alichukua volti 12 katikati, na hilo nimelikuta kwenye magari mengi mno ya volti 24 hapa kwetu, kuanzia redio za daladala hadi friji za malori. Betri ya chini, yaani ile iliyofungwa kwenye bodi, inalisha taa na pampu usiku kucha peke yake, wakati ya juu, ile ya pili, imekaa. Asubuhi alteneta inaona jumla tu: ikifika 28, inaridhika. Ya chini haijashiba, ya juu inapewa kupita kiasi na maji yake yanachemka. Vifungue vifuniko uone, naamini ya juu imepungua maji. Jumla ya 24.7 ilimpoteza mwenzangu kwa sababu 11.9 na 12.8 zinajificha humo.

Ondoa huo waya wa katikati. Funga konvata ya kushusha 24 kuwa 12, ichukue kwenye betri zote mbili kwa usawa. Chaji kila betri peke yake, na ikiwa ya chini bado inaanguka, nunua mbili za aina na ukubwa mmoja kwa wakati mmoja. Mpya na kuukuu zikifungwa pamoja, mchezo unaanza upya. Ujue lakini kwamba konvata inaondoa upendeleo, haipunguzi matumizi. Kama mnalala na taa na feni, weka betri ya tatu ya nyumba tu, inayochajiwa kupitia konvata hiyo injini inapowaka, ili za gari zibaki kwa ajili ya kuwasha injini na kufungua mlango.

Msafiri wa Bwiru

Nimekuelewa, Fundi. Konvata iwe ya ampea ngapi?

Fundi wa Nyakato

Soma ampea zilizoandikwa kwenye pampu, ongeza za taa na chaja za simu, kisha chukua konvata inayozidi jumla hiyo kwa kiasi. Pampu ndogo za aina hiyo na taa za LED kwa kawaida hazizidi ampea 10, hivyo ya 20 itakutosha. Ukiamua kuweka betri ya tatu, chagua konvata iliyotengenezwa kwa kuchaji betri, maana ya kawaida ya redio haifai kazi hiyo. Fyuzi iweke karibu kabisa na betri, si karibu na pampu, kwa sababu kinachotakiwa kulindwa ni waya wote unaopita chini ya vitanda.