Nasachi sheria naletewa viwanja vinauzwa, nyie wenzangu mnatafutaje?

Shamba_Boy: Wakuu habari za humu. Kijijini kwetu kuna ishu, halmashauri ya kijiji imemgawia mgeni eneo kubwa na sisi tunasikia juu juu tu, mkutano haujaitwa. Nataka nijue sheria inasemaje kabla sijafungua mdomo mbele ya wazee. Sasa kila nikiandika "sheria ya kugawa ardhi ya kijiji" kule Google naletewa viwanja, madalali, na vijiblogu vinavyokopiana mpaka makosa ya herufi, hakuna hata kimoja kinachotaja kifungu. Na bando ndo hivyo tena. Mnasachi vipi mpaka mnapata kitu cha maana?

Mzee wa Faili: Mkuu usiandike swali lako, andika maneno unayodhani yamo ndani ya hiyo karatasi unayoitafuta. Sheria yako ni ya ardhi ya vijiji, Na. 5 ya 1999, na kopi nyingi ni za Kiingereza, ndo maana kwa Kiswahili unaangukia kwa madalali. Jaribu hivi:

"Village Land Act" "village assembly" site:go.tz filetype:pdf

Zile alama za kufungua na kufunga usemi zinataka maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo, site:go.tz inakubakiza kwenye saiti za serikali, filetype:pdf inaleta nyaraka zenyewe. Usiache nafasi baada ya nukta mbili, ukiacha umeharibu.

DadaKasulu: Na madalali watoe kwa alama ya kutoa, -kiwanja -inauzwa, igande na neno. Halafu ukipata PDF usianze kusoma ukurasa wa kwanza jamani, tafuta neno humohumo ndani, andika assembly, maana village assembly ndo mkutano mkuu wa kijiji. Ila nyingine zimeskaniwa, ni picha tupu, neno lipo mbele ya macho yako na simu inakwambia halipo, wengi wanaishia hapo wanadhani sheria haisemi kitu. Ikiwa hivyo nenda TanzLII, saiti ya sheria za Tanzania, sheria ziko kwa maandishi na hukumu za mahakama pia, bure.

ChapaKazi: Mnajitesa tu, siku hizi unaiuliza akili mnemba unapewa jibu chap

Mzee wa Faili: @ChapaKazi kupata jina la sheria au maneno ya kusachia sawa, ila namba ya kifungu mpaka uione mwenyewe, ile kitu inaweza kukutungia kifungu kwa kujiamini kabisa halafu ukasimame nacho mbele ya mwenyekiti, sipati picha 😂. Na angalieni mwaka wa toleo, mtandaoni bado kumejaa ya 2002 na 2019 wakati kuna urekebu wa 2023, yaani toleo jipya lililorekebishwa.

Shamba_Boy: Nimeipata wakuu!! Hiyo sheria ya ardhi ya vijiji ndo Sura ya 114, hii niliyonayo ni ya 2019, kifungu cha 8(5), halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kwanza. Ngoja niitafute na ya 2023 nilinganishe. Sasa muhtasari wa kikao chao nikitaka kujua kama mwananchi naruhusiwa kuuona, nisachi kwa maneno gani?

DadaKasulu: Hiyo hamia sheria ya serikali za mitaa, Sura ya 287. Weka "Local Government (District Authorities) Act" minutes "village council", na ukikuta kitu tupia hapa, hata kwetu kuna mwenyekiti anahitaji kusomewa.