Mjadala: Kinachotuumiza mapokezi ni wageni au ni mameneja?

Wengi husema kazi ya kuhudumia wageni ni uvumilivu, asiyeuweza atafute nyingine. Mimi nimekaa kaunta ya mapokezi hapa Malindi misimu 6, na sikubaliani. Mgeni akifoka nampa kiti na maji baridi, namsikiliza mpaka amalize, na Kiitaliano changu kinatosha kumtuliza. Kinachonikosesha usingizi ni meneja.

Usiku mmoja wa Desemba hoteli ilikuwa imejaa, na meneja alikuwa ameuza vyumba kupita idadi akitegemea baadhi ya wageni wataghairi. Hakughairi mtu. Saa nne na nusu ikaingia familia kutoka Mombasa, mama kampakata mtoto aliyelala, nywele zimemganda kwa jasho. Risiti ya malipo wanayo mkononi, chumba hakuna. Simu ya meneja nikapiga mara 7, imezimwa. Nikapigia hoteli moja baada ya nyingine mpaka nikawapatia pa kulala upande wa Silversands, teksi nikalipa mwenyewe. Asubuhi baba wa familia ile akarudi kulalamika. Meneja akanisimamisha mbele yake: "Huyu ndiye aliyekosea." Mwisho wa mwezi, gharama ya chumba walicholala kule ikakatwa kwenye mshahara wangu.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa makusudi ya mfanyakazi, au kwa fedha zilizopungua mikononi mwa aliyekabidhiwa kwa mkataba, kwa uzembe au udanganyifu wake. Mimi sikuharibu kitu wala sikupoteza shilingi. Kifungu cha 27 nacho kinatoa angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Desemba ile nilifanya kazi siku 19 mfululizo. Semeni nanyi: hasara ya namna hii aibebe nani?

Msimamizi mstaafu, Watamu: Pole sana, binti yangu. Kukukata mshahara ilikuwa dhuluma. Ila meneja naye anabanwa. Masika yakiingia, Aprili hadi Juni, hoteli nyingi hufunga, na chumba kilicholala kitupu Desemba hakirudishi pesa yake tena. Kuuza kupita idadi kupo duniani kote. Sisi tulikuwa tunaelewana mapema na hoteli jirani, gharama juu ya hoteli, na msimamizi wa zamu halali mpaka mgeni wa mwisho aingie. Meneja wako hakufanya hayo, na hapo ndipo kosa lilipo.

Mhudumu wa meza, Lamu: Mkatwe mshahara mpaka lini? Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na KUDHEIHA ndicho chetu watu wa hoteli. Tatizo mikataba ya msimu: ukisema sana, msimu ujao huitwi.

Mwanzilishi wa mada: Mzee wangu, shikamoo, na nashukuru. Nakubali mwenye hoteli anambana meneja. Lakini meneja alikuwa na uwezo wa kupunguza oda, wa kuongea na jirani, hata wa kupokea simu tu. Mimi uwezo niliokuwa nao ni ule wa kumwangalia yule mama usoni nikamwambia chumba hakuna. Na ndugu yangu wa Lamu, hilo la kutoitwa ndilo lililonifanya nisaini yale makato bila kusema neno. Karatasi yake ninayo mpaka leo. Wiki hii nitaipeleka ofisi ya kazi.